Kansere ya utumbo: juu ya nini wanganga wanahesabu tezi

Hapa Kindu, mutu akiona damu mu choo, wa kwanza kulaumiwa ni amiba, ao emoroide. Anapita farmasi, ananunua dawa, maisha inaendelea. Mara zingine iko kweli amiba. Lakini damu yenye kurudia, tumbo yenye kubadilika bila sababu, mwili wenye kukonda: pale inaomba munganga aangalie utumbo mpana.

Munganga Denis Burkitt, mutu wa Irlande aliyetumika miaka mingi Kampala, aliandika mu 1971 kama kansere hii ilikuwa haba sana mu Afrika, na akafikiri sababu ni chakula yenye nyuzi. Sombe yetu ingemufurahisha. Lakini haba haina maana ya kusema haiko.

Kansere inaanza mu ngozi ya ndani ya utumbo. Mu mafuta yenye kuushikilia muko tezi ndogo-ndogo, sawa punje ya maharagi. Wanganga wanaziita gangliyo. Ni sawa barieri mu barabara: chembe za kansere zikitoroka, mara mingi zinakamatwa pale kwanza. Tezi ikikutwa na kansere, maana yake ugonjwa umekwisha kujua njia.

Inabadilisha nini? Mu Marekani, kansere isiyotoka mu utumbo, watu karibu 9 kati ya 10 wanapita miaka 5. Ikifika mu tezi ao nyama za jirani, karibu 7. Ikifika maini ao mapafu, 1 ao 2. Ni hesabu ya kwao, kwenye dawa na mashini ziko. Tusiichukue sawa ahadi. Lakini tuone ile 7: tezi kushikwa haiko hukumu ya kifo.

Na ndiyo tezi zinaamua dawa. Mu 1990, munganga Charles Moertel na wenzake walionyesha kama wagonjwa wenye tezi zilizoshikwa, wakipewa dawa mwaka moja kiisha kupasuliwa, vifo vinapunguka kwa theluthi. Dawa zilikuwa mbili: fluorourasili na levamizole, ile-ile ya minyoo. (Musikimbie kuinunua! Iliachwa zamani, zingine za nguvu zaidi zikachukua nafasi yake.)

Sasa shida yetu. Jicho haliwezi kujua. Tezi kubwa inaweza kuwa imevimba tu, ndogo ikaficha kansere. Inaomba mikroskopi, na angalau tezi 12 ziangaliwe. Wakiangalia 4 na kuzikuta safi, haitoshi kufurahi.

Kwa hiyo ile nyama iliyotolewa isitupwe. Iwekwe mu formoli, mara 10 ya ukubwa wake, haiko mu pombe wala mu maji ya chumvi, halafu isafirishwe kwenye kuko munganga wa mikroskopi, sawa kliniki za chuo kikuu Kinshasa. Jamaa waulize mbele ya operasio: «Docta, nyama itapelekwa wapi, na nani atalipa?» Ulizo hili halimukosee mutu heshima.

Karatasi ikirudi, mutafute herufi N. N0: hakuna tezi iliyoshikwa. N1: kutoka 1 mpaka 3. N2: 4 ao zaidi. Mukisoma 2/14, waliangalia tezi 14, 2 zikawa na kansere. Na karatasi hiyo muitunze. Munganga wa dawa ataiomba mbele ya yote.