Je, Wajua? Alama Inyooshayo Programu
Je, wajua kwamba katika Elixir, lugha ya kuandikia programu iliyoasisiwa na Mbrazili José Valim, imo alama ndogo, |>, ambayo kazi yake yote ni kulitwaa jawabu la amali iliyotangulia na kulikabidhi kwa amali inayofuata? Pasipo alama hiyo, mwandishi atakaye kusoma faili kubwa, kuichuja mistari yenye hitilafu na kisha kuihesabu, mara nyingi huzipachika amali hizo moja ndani ya nyingine, hata msomaji akawa hana budi kuanzia ndani na kutoka nje, taabu isiyo na faida yoyote. Ilhali kwayo kila hatua hupata mstari wake, kwa tartibu ile ile itendekayo, na ikiwa imepewa jina bayana, haihitaji sherehe. La ajabu zaidi, kwa rai yangu, ni moduli iitwayo Stream: hatua zilizopangwa kwayo hazitendi lolote mpaka amali ya mwisho idai matokeo, ndipo kila mstari wa faili upitapo hatua zote kwa zamu yake, hivyo gigabaiti nyingi husomwa bila ya kuijaza kumbukumbu ya kompyuta.