Muziki wa Hadhara Maktabani: Ukumbi, Wapigaji na Haki Zao

Dhana kwamba maktaba ya umma na muziki wa hadhara haviwezi kukaa chini ya paa moja imeenea mno miongoni mwa watendaji wa halmashauri, wazazi na hata baadhi ya wakutubi wenyewe, na ndiyo inayoua mipango mingi ya maonyesho kabla barua ya kwanza ya maombi haijajibiwa. Dhana hiyo inachanganya kanuni ya ukimya ya chumba cha kusomea, ambayo ni ya haki na inapaswa kulindwa, na madhumuni ya taasisi yenyewe, ambayo ni kuhifadhi maarifa ya jamii na kumfikishia kila mtu bila kujali uwezo wake wa fedha. Jamii ambayo sehemu kubwa ya historia, malumbano na hekima yake imo katika nyimbo, kama ilivyo katika pwani ya Afrika Mashariki, haiwezi kudai kuwa imeyahifadhi maarifa yake kwa kupanga vitabu peke yake. Sura hii inaeleza namna ya kuendesha mfululizo wa maonyesho, yaani maonyesho yanayorudi siku ileile ya mwezi, mahali palepale na bila kiingilio, kwa kuanzia na ukumbi, kisha wapigaji, kisha haki zao.

Wanaodai kuwa ukumbi wa maktaba ni mdogo mno kwa muziki wa maana wanapaswa kuitazama Maktaba ya Bunge la Marekani, jijini Washington. Mwaka 1925 Elizabeth Sprague Coolidge, mpiga piano na mfadhili wa muziki, alitoa fedha za kujenga ukumbi ndani ya jengo la maktaba hiyo, na mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuunda bodi ya amana, chombo kinachopokea michango ya watu binafsi na kuitunza ili itumike kwa lengo lililokusudiwa na mtoaji. Ukumbi huo una viti takriban 500 tu. Coolidge alipomwagiza Aaron Copland atunge muziki wa ngoma ya jukwaani ya Martha Graham, ufinyu wa mahali ulimlazimu mtunzi kuandika kwa wapigaji 13: filimbi moja, klarineti moja, basuni moja, piano moja, fidla nne, viola mbili, selo mbili na besi moja. Kazi hiyo, Appalachian Spring, ilionyeshwa humo kwa mara ya kwanza tarehe 30 Oktoba 1944, siku ambayo Coolidge alitimiza miaka 80, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Baadaye Copland aliipanua kwa ajili ya okestra kubwa, lakini wapo wengi wanaoipenda zaidi kwa ala zile 13, kwa sababu kila ala inasikika kwa uwazi ambao okestra kubwa huufunika. Gertrude Clarke Whittall naye aliipa maktaba hiyo ala tano zilizotengenezwa na Antonio Stradivari, na kuanzia mwaka 1940 hadi 1962 kundi la Budapest Quartet lilikuwa likizipiga humo mbele ya watu, zisiishie kuwa mapambo ya kabatini.

Udogo wa chumba, basi, si kasoro. Kinachohitaji kuchunguzwa ni nyuso zake. Mrindimo ni sauti inayoendelea kusikika baada ya chanzo chake kunyamaza, kwa sababu mawimbi yake hudunda ukutani, darini na sakafuni mara nyingi kabla ya kufifia, na muda wake ni sekunde ambazo sauti hutumia kushuka kwa desibeli 60. Mwaka 1895 Wallace Clement Sabine, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambao maneno ya msemaji hayakueleweka ndani yake. Akawa anafanya kazi usiku akiwa na bomba la kinanda, saa ya kupimia na mito ya viti iliyoazimwa kutoka ukumbi mwingine, hadi akagundua kwamba muda wa mrindimo kwa sekunde ni 0.16 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, gawanya kwa jumla ya unyonyaji wa sauti kwa mita za mraba.

Chukuliwe chumba cha mikutano cha maktaba ya wilaya chenye urefu wa mita 15, upana wa mita 10 na kimo cha mita 4, kuta za saruji iliyopigwa lipu, sakafu ya vigae na madirisha ya vioo. Ujazo wake ni 600, nyuso zake zote ni mita za mraba 500, na kwa kuwa nyuso ngumu za aina hiyo hunyonya takriban asilimia 5 ya sauti inayozigonga, unyonyaji ni 25 na mrindimo unakaribia sekunde 4. Wakiingia watu 100 na kuketi, kila mmoja akinyonya kiasi cha nusu mita ya mraba, unyonyaji unafika 75 na mrindimo unashuka hadi sekunde 1.3, muda unaozifaa sana ala za nyuzi. Rafu zilizojaa vitabu huupunguza zaidi. Fundi mitambo anayejaribu sauti saa tisa alasiri chumba kikiwa kitupu husikia vurugu, akaamini kuwa nguvu haitoshi, akaongeza. Mrindimo nao huongezeka kwa kiasi hichohicho, na jioni hadhira hupata sauti kubwa isiyoeleweka. Kwa watu 100 katika chumba kama hicho, taarab asilia ya udi, kanuni, fidla, nai na dumbaki, ambayo vikundi kama Nadi Ikhwani Safaa cha Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1905, vimeitunza kwa zaidi ya karne, inahitaji kipaza sauti kimoja cha mwimbaji, na pengine hata hicho hakihitajiki.

Trei za mayai zinazobandikwa ukutani zinastahili kukanushwa bila kumung'unya maneno, kwa kuwa imani juu yake haina msingi wowote wa kifizikia. Karatasi yake nyembamba hunyonya sehemu ndogo ya sauti za juu na haiigusi besi, haizuii sauti kutoka nje, na hushika moto upesi, jambo la hatari kubwa ndani ya jengo la vitabu. Kinachozuia sauti kupenya ni uzito na kuzibwa kwa mianya: mlango mzito wa mbao uliozibwa vizuri upenyo wake wa chini humlinda msomaji wa chumba cha pili kuliko trei elfu moja. Kinachotuliza sauti ndani ya chumba ni vitu laini na vinene, kama vile pazia zito lenye mikunjo, lililotundikwa mbali kidogo na ukuta, zulia au godoro la sufi.

Upuuzi mwingine huja katika maombi ya fedha, pale waandaaji wanapoahidi kuwa muziki utaongeza akili za watoto. Chanzo chake ni makala ya mwaka 1993 katika jarida la Nature, iliyohusu wanafunzi 36 wa chuo kikuu waliosikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10 kisha wakafanya vizuri zaidi katika majaribio ya kutambua maumbo. Athari hiyo ilipotea ndani ya takriban robo saa, na hakuna mtoto hata mmoja aliyepimwa. Hata hivyo mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, aliomba dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa apewe rekodi ya muziki huo. Mfululizo wa maonyesho hauhitaji kinga ya aina hiyo, wala ile ya wanaodai kwamba ala zikitiwa sauti kwa mitetemo 432 kwa sekunde badala ya 440 huponya maradhi. Watu kusikiliza muziki mzuri bila kulipa kiingilio ni sababu inayotosha kuombea fedha.

Kutolipa kiingilio, hata hivyo, hakumhusu mpigaji. Kauli ya kwamba msanii "atajitangaza" inamtaka mtu alete ala yake, nauli yake na miaka yake ya mazoezi kwa malipo ambayo hakuna fundi bomba wala mpaka rangi wa maktaba hiyohiyo angeyakubali, na bajeti isiyo na fungu la wapigaji haipaswi kupitishwa. Kosa linaloshabihiana nalo ni kudhani kwamba nyimbo za zamani ni mali ya kila mtu. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zinalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Nyimbo alizotunga Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, zinalindwa hadi mwaka 2029, kwa hiyo maktaba inayotaka bendi izipige inahitaji kibali na kulipa mirabaha, yaani malipo ya mwenye haki kwa kila matumizi ya kazi yake.

Rekodi ya onyesho inahitaji idhini ya pekee, iliyosainiwa kabla wimbo wa kwanza haujaanza, nakala moja ikibaki kwa kiongozi wa kikundi na nyingine maktabani. Fomu itaje anayeruhusiwa kuisikiliza, kama anaweza kuiazima, na majina ya wapigaji wote pamoja na ala zao. Mara nyingi rekodi za taarab hubaki na jina la mwimbaji peke yake, na mpiga dumbaki aliyeshikilia mwendo wa onyesho zima hapatikani popote. Kazi ya kuiingiza rekodi hiyo katika katalogi, kwa jina la mtunzi, la kila mpigaji, tarehe na mahali, ni ya mkutubi, na imalizike kabla ya onyesho la mwezi unaofuata, wakati wapigaji bado wanaweza kuulizwa.