Kizuri chajiuza kikitunzwa: somo kutoka kisiwa cha Dominica

Visiwa vya Karibi vinapotajwa, picha inayowajia wengi ni ile inayobandikwa kwenye kuta za mawakala wa safari: mchanga mweupe, mnazi ulioinamia maji, na kiti cha kulalia chini ya mwavuli. Picha hiyo si ya uongo. Visiwa kama Barbados, Aruba na Antigua vimejenga sehemu kubwa ya uchumi wake juu ya mchanga huo, na Jamhuri ya Dominika ilipokea wageni zaidi ya milioni 10 mwaka 2023, wengi wao wakienda kwenye hoteli kubwa za ufukweni. Lakini picha hiyo imezaa imani moja ambayo watunga sera wa nchi nyingi wameipokea bila kuihoji: kwamba mgeni huvutwa na kile anachojengewa, na kwamba kisiwa kisicho na ufukwe mweupe hakina cha kuuza. Kipo kisiwa kinachoipinga imani hiyo kwa ushahidi wa wazi, nacho ni Dominica. Hapa mgeni huja kwa ajili ya kile ambacho wenyeji hawakukikata, hawakukichimba wala hawakukifukia.

Dominica haihusiani na Jamhuri ya Dominika, ingawa majina yao huchanganywa kila siku. Ni nchi ndogo iliyo kati ya visiwa vya Guadeloupe na Martinique, yenye eneo la kilomita za mraba 750 hivi, yaani ndogo kuliko Pemba, na wakazi wapatao 70,000. Ilipata uhuru kutoka Uingereza tarehe 3 Novemba 1978. Ukiipima kwa kipimo cha mabango ya watalii, ina kasoro nyingi. Fukwe zake nyingi ni za mawe au mchanga mweusi wa volkano. Ardhi tambarare ni haba kiasi kwamba hata mahali pa kujenga uwanja wa ndege pamekuwa tatizo la miongo mingi. Milima inapanda ghafla kutoka baharini, na mlima Morne Diablotin unafika mita 1,447. Mvua inanyesha sana. Wakalinago, wenyeji wa asili, walikiita kisiwa chao Waitukubuli, jina linaloelezwa kumaanisha kwamba mwili wake ni mrefu. Jina la sasa lilitokana na siku ya Jumapili ambayo Christopher Columbus alikiona mwaka 1493.

Hata hivyo, milima hiyohiyo ndiyo inayowaleta wageni. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Morne Trois Pitons kuna Ziwa Linalochemka, shimo la volkano lenye maji ya kijivu yanayotokota mfano wa chungu kilichosahauliwa jikoni, linalohesabiwa miongoni mwa maziwa makubwa zaidi ya aina yake duniani. Hakuna barabara ya kulifikia. Mgeni hutembea saa nyingi msituni akiwa na mwongozaji, akivuka bonde linaloitwa la Ukiwa, ambako mvuke wa salfa hutoka ardhini na vijito vina rangi ya njano au nyeupe kama maziwa. Upande wa kusini, baharini, mapovu ya gesi ya volkano huchomoza kati ya matumbawe mahali panapoitwa Champagne. Na katika maji ya kina kirefu ya upande wa magharibi wanaishi nyangumi wakubwa wenye meno, mama na watoto wao, mwaka mzima. Watafiti wamekuwa wakizifuatilia familia hizo tangu mwaka 2005, na wamegundua kwamba koo zao zina mpangilio wake wa milio, mithili ya lahaja. Tazama vitu hivi vyote vinashiriki sifa gani: hakuna hata kimoja kinachoweza kuhamishwa. Bwawa la kuogelea linaweza kujengwa popote, na jirani mwenye fedha zaidi atajenga kubwa zaidi. Ziwa linalochemka halijengwi.

Ili kuelewa kwa nini utajiri huu ulibaki, ni lazima kurudi nyuma. Mwaka 1748 Uingereza na Ufaransa zilikubaliana kukiacha kisiwa hiki bila kukitawala, kabla ya Uingereza kukichukua rasmi mwaka 1763. Hata baada ya hapo, miteremko mikali iliwazuia wakoloni kutandaza mashamba ya miwa kama walivyofanya Barbados na Antigua, ambako misitu ilifyekwa karibu yote. Watu waliotoroka utumwa walipata hifadhi katika misitu ya milimani na kujenga kambi zao humo. Wakalinago, ambao katika visiwa vingi walikuwa wameangamizwa, walidumu kwenye pwani ya kaskazini-mashariki, na mwaka 1903 walitengewa eneo lao la ekari zipatazo 3,700. Kwa hiyo msitu wa Dominica ulikuwa ngome ya watu waliokataa kutawaliwa kabla haujawa kivutio. Mgeni anayepita leo chini ya miti hiyo anapita ndani ya historia ya ukombozi, na anayeelezwa hivyo huondoka na kitu ambacho mchanga mweupe hauwezi kumpa.

Hapo mtu atasema: hiyo ni bahati ya jiografia tu, si hekima. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Jiografia ilitoa msitu. Haikutoa uamuzi wa kuulinda. Hifadhi ya Morne Trois Pitons ilianzishwa mwaka 1975, miaka mitatu kabla ya uhuru, na mwaka 1997 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2000 ikaongezwa hifadhi nyingine kuuzunguka mlima Morne Diablotin, makao ya kasuku aitwaye sisserou, ambaye haishi kwingine duniani na ambaye picha yake imo kwenye bendera ya taifa. Baharini mapambano yalikuwa magumu zaidi. Mwaka huohuo wa 2000, waziri Atherton Martin alijiuzulu kwa sababu nchi yake iliungana na Japani kupiga kura dhidi ya pendekezo la hifadhi ya nyangumi katika Pasifiki ya Kusini. Ilikuwa vigumu kujiita kisiwa cha asili huku ukipiga kura ya namna hiyo. Mwaka 2008 serikali ilitangaza kuacha kuiunga mkono Japani katika kura hizo, na mwaka 2023 ikatangaza kutenga karibu kilomita za mraba 800 za bahari kwa ajili ya nyangumi. Njia ya kutoka kura ile hadi hifadhi hii imechukua zaidi ya miaka ishirini ya mabishano, na bahati haibishani.

Ushahidi wa upande wa pili nao upo, na unauma. Dominica ilikuwa na chura mkubwa ambaye kwa vizazi alikuwa kitoweo cha heshima, chakula cha taifa kabisa. Mwaka 2002 uligunduliwa ugonjwa wa kuvu unaoua vyura, na katika muda mfupi mno idadi yao ikaporomoka hadi ukingoni mwa kutoweka. Kwa hiyo asili haijitunzi yenyewe eti kwa kuwa milima ni mirefu. Kinachoachwa bila ulinzi hupotea, hata mahali penye mvua na miti.

Sababu nyingine iliyokisukuma kisiwa kwenye njia hii ilikuwa tumbo. Kwa miongo mingi Dominica iliishi kwa ndizi, zilizouzwa Uingereza chini ya upendeleo wa makoloni ya zamani. Marekani, Ecuador, Guatemala, Honduras na Mexico zililalamika, na mwaka 1997 Shirika la Biashara Duniani likatoa uamuzi dhidi ya utaratibu wa ndizi wa Umoja wa Ulaya. Wakulima wadogo wa milimani hawakuweza kushindana na mashamba makubwa ya Amerika ya Kati, na wengi wakaacha kilimo hicho. Hapo ndipo thamani ya njia za msituni ilipoonekana kwa macho mapya. Mwaka 2011 ilifunguliwa Njia ya Taifa ya Waitukubuli, yenye urefu wa kilomita 185 hivi na vipande 14, kutoka Scotts Head kusini hadi Cabrits kaskazini, kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya. Njia hiyo inapita vijijini na katika eneo la Wakalinago. Anayeitembea huhitaji mahali pa kulala, chakula, maji na mwongozaji, na vyote hivyo anaweza kuvipata kwa mwanakijiji. Mgeni wa hoteli ya malipo ya jumla, ambaye amelipia kila kitu kabla hajaondoka kwao, hana sababu ya kununua hata embe nje ya geti. Hata utamaduni hunufaika kwa njia hiyo. Tamasha la Muziki wa Krioli, lililoanza mwaka 1997, hufanyika kila mwisho wa Oktoba kuelekea siku ya uhuru, wakati ambapo wenyeji wenyewe huvaa mavazi ya jadi na kuzungumza Kikrioli chao kwa fahari. Mgeni anaalikwa kwenye sherehe ambayo ingefanyika hata asingekuja.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la hesabu. Kwa miaka mingi wageni wa kulala Dominica wamekuwa chini ya laki moja kwa mwaka, na wanaoshuka kutoka kwenye meli za kitalii kwa saa chache ni wengi kuliko wao. Je, hiyo si dalili ya kushindwa? Jibu linategemea unahesabu nini. Wingi wa vichwa si sawa na wingi wa manufaa. Nchi ya watu 70,000 yenye mabonde membamba haiwezi kubeba mamilioni bila kuharibu maji, barabara na msitu wenyewe. Mgeni anayekaa siku kumi na kulipa waongozaji, wenye mashua na wenye nyumba za wageni anaacha zaidi mikononi mwa watu kuliko anayeshuka melini, kupiga picha kwenye maporomoko na kurudi kula chakula cha mchana ndani ya meli. Ni kweli kwamba umaskini bado upo Dominica, na utalii peke yake haujautibu. Lakini dawa yake si kutafuta wageni wa kila aina kwa bei yoyote. Ni kuongeza siku ambazo kila mgeni anakaa na sehemu ya fedha yake inayobaki kisiwani.

Kisha kuna vimbunga. Usiku wa tarehe 18 Septemba 2017, Kimbunga Maria kiliipiga Dominica kikiwa cha daraja la tano, la juu kabisa. Zaidi ya watu 60 walikufa au hawakuonekana tena, mapaa ya nyumba nyingi yalichukuliwa na upepo, na hasara ilikadiriwa kuwa zaidi ya mara mbili ya pato la taifa la mwaka mzima. Milima ya kijani iligeuka ya kahawia kwa siku moja. Mtu anaweza kusema kuwa ni upumbavu kujenga uchumi juu ya kitu kinachoweza kufagiliwa hivyo. Lakini hoteli za ufukweni nazo hufagiliwa, na zikishaanguka hazioti tena. Msitu uliotoa majani upya ulirudisha kijani katika miezi michache, wakati wenye nyumba bado walikuwa chini ya maturubai. Siku chache baada ya kimbunga, Waziri Mkuu Roosevelt Skerrit aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba nchi yake itakuwa ya kwanza duniani kustahimili mabadiliko ya tabianchi. Mwanzoni mwa mwaka 2019 nchi hiyo ikaanza kupiga marufuku vyombo vya plastiki na povu vya kutumia mara moja.

Jaribio la kweli liko mbele. Serikali inajenga uwanja mpya wa ndege wa kimataifa, na pia kuna mradi wa vibanda vya kuning'inia kwenye kebo kuelekea Ziwa Linalochemka. Uwanja wa ndege unaeleweka: nchi isiyofikika haiwezi kuuza chochote, na safari za moja kwa moja kutoka Miami zilizoanza Desemba 2021 zimeonyesha hivyo. Kebo ni suala jingine. Watetezi wake wanasema wazee na wenye ulemavu nao wana haki ya kuliona ziwa, na dai hilo ni la haki. Tanzania nayo mwaka 2019 ilibishana kuhusu mpango kama huo wa mlima Kilimanjaro, ambako waongozaji na wapagazi walihofia kazi zao. Cha kuuliza kwanza ni nani atalipwa: mwongozaji wa kijijini, au mwenye kebo? Na ziwa linaloonwa na mamia kwa saa litabaki na nini ambacho mgeni hawezi kukipata kwingine? Mradi usioweza kujibu maswali hayo mawili haufai kusukumwa mbele kwa hoja ya maendeleo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dominica inatufundisha kuongeza neno moja kwenye methali hiyo: kizuri chajiuza kikitunzwa. Mgeni atavutwa na kisiwa kwa kadiri wenyeji wanavyokipenda wao kwanza, wanavyokilinda hata msimu wa watalii ukiwa haba, na wanavyokataa kuuza leo kitu ambacho watoto wao watakihitaji kesho. Kwa hiyo kila nchi yenye msitu, mwamba wa matumbawe au mlima, kabla haijauliza itamjengea mgeni nini, na ijiulize imebakiza nini.