Kisigino Kinachouma Asubuhi: Mambo ya Kufanya Nyumbani



Kuna ugonjwa ambao hauzungumzwi sana katika mikutano yetu, kwa sababu haulazi mtu kitandani. Ni maumivu ya kisigino. Mama anaamka alfajiri, anakanyaga chini, anasikia kama amechomwa na msumari. Anashika ukuta, anachechemea kidogo, halafu uchungu unapungua. Anaenda kuchuma majani chai. Jioni, akishapeleka chai senta, uchungu umerudi. Ikiendelea hivyo anakosa siku za kuchuma, na pesa ya nyumba inapungua.

Unatokana na nini?

Chini ya wayo kuna kano pana, ngumu kama kamba, inayotoka kwenye mfupa wa kisigino mpaka vidoleni. Tukisimama kutwa nzima, tukipanda mteremko na mzigo mgongoni, au tukivaa viatu vya soli nyembamba, kamba hii inavutwa kupita kiasi. Tukilala inakaza, na hatua ya kwanza ya asubuhi inaivuta ghafula. Uzito wa mwili pia huongeza shida.

Wengine huambiwa, "Kuna mfupa umeota." Usiogope. Watu wengi wasioumwa pia wanao mfupa huo. Na usikubali mtu akuchanje kisigino kwa wembe.

Tufanye nini?

1. Anza kabla ya kukanyaga chini. Keti kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole, uvivute vielekee juu mpaka usikie wayo umekaza. Hesabu mpaka 10, achilia. Rudia mara 10, na ufanye hivyo mara 3 kwa siku. Watafiti wa Marekani walitangaza mwaka 2003 kwamba zoezi hili lilisaidia zaidi kuliko kunyoosha shavu la mguu peke yake.

2. Shavu la mguu nalo linyooshwe. Simama ukiegemea ukuta, mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyooka, kisigino kiko chini. Hesabu mpaka 30. Rudia mara 3.

3. Angalia viatu. Usitembee miguu mitupu kwenye simiti. Patapata zilizokwisha, tupa. Gambuti ni bapa ndani, kwa hivyo kata kipande cha sponji au blanketi kuukuu, ukiweke chini ya kisigino, miguu yote miwili.

4. Jioni, biringisha chupa ya plastiki yenye maji baridi chini ya wayo kwa dakika 10.

5. Punguza kusimama na mizigo mizito, lakini usikae tu. Watu wa nyumbani wasaidie kubeba.

Tembe za maumivu zinaweza kutuliza kwa siku chache tu. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au mimba aulize kwanza kwenye zahanati. Kudungwa sindano kwa duka la dawa kila wiki si matibabu.

Tusikate tamaa mapema. Wengi hupona bila kupasuliwa, lakini huchukua miezi, wengine hata mwaka. Anayefanya zoezi siku 3 na kuacha hajalijaribu bado.

Nenda hospitali usingoje kama:
– uliruka au ulianguka, na huwezi kukanyaga;
– kisigino kimevimba, ni chekundu, au una homa;
– mguu una ganzi, au una ugonjwa wa sukari;
– unaumwa hata ukiwa umelala;
– visigino vyote viwili vinauma, na mgongo unakaza kila asubuhi;
– umefanya mazoezi haya miezi 3 bila nafuu.

Kazi ya kikundi

Mkutano ujao, kabla ya kuhesabu pesa, wote waketi wafanye zoezi la kwanza pamoja kwa dakika 5. Anayechechemea atajulikana, na hataona haya. Halafu mjadiliane kama merigoraundi inaweza kununulia kila mwanachama, kwa zamu, viatu vya soli nene. Kwa mchuma chai, kiatu ni kifaa cha kazi sawa na kikapu.