Je, Wajua? Upepo Unaokimbia Kuliko Risasi

Je, wajua kwamba kinachowasumbua wajenzi wa mahandaki ya upepo ya haipasoniki, yaani Mach 5 (mara tano ya kasi ya sauti) na kuendelea, ni baridi kuliko mbio? Hewa ikipenya koo la nozeli na kutanuka, hupoa vibaya. Anza na hewa yenye joto la chumbani, ifikishe Mach 7, na hesabu inadai ishuke hadi nyuzi 246 chini ya sifuri. Itakuwa imeanza kugeuka majimaji kabla ya kufika huko! Ni lazima ipashwe moto kwanza.

Je, wajua kwamba handaki la John Becker huko Langley, Marekani, lililofika Mach 6.9 mwaka 1947, lilikuwa na upana wa inchi 11 tu? Vielelezo vya ndege ya X-15 vilipimwa humo.

Langley hiyohiyo ina handaki la futi 8 linalopasha hewa kwa kuchoma methani ndani yake. Kwa hiyo kinachopita kwenye kielelezo, tukisema kweli, ni moshi. Tena moto huo hula oksijeni, na injini inayojaribiwa haiwezi kuwaka bila oksijeni, basi wahandisi huirudisha kwa kuiongeza.

Je, wajua kwamba heliamu haihitaji kupashwa, kwa kuwa hugeuka majimaji karibu kabisa na sifuri halisi? Raha iliyoje, ila hakuna ndege inayoruka ndani ya heliamu.

Raymond Stalker wa Australia alibuni njia ya pistoni inayofyatuliwa ndani ya bomba ili kubana gesi. Katika handaki la T5 la chuo cha Caltech, Marekani, pistoni hiyo ina kilo 120 na hukimbia zaidi ya mita 300 kwa sekunde. Kazi yote hiyo kwa kipimo cha milisekunde moja au mbili!

Wachina, katika handaki lao la JF-12 lenye urefu wa mita 265, hutumia mlipuko wa gesi badala ya pistoni. Wanapata milisekunde 100, na katika fani hii huo ni muda mrefu.

Je, wajua picha za hewa hiyo hupigwaje? Kwa mbinu ya Mjerumani August Toepler ya mwaka 1864, inayoonyesha mwanga unavyopinda hewa ikibanwa. Ernst Mach na Peter Salcher waliitumia kunasa mawimbi ya mshtuko ya risasi, wakachapisha mwaka 1887.