Je, Wajua? Roketi za Scout zilirushwa Malindi, si Gusii
Kuanzia Aprili 1967 hadi Machi 25, 1988, roketi 9 za Scout zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliyotia fora ni ya Desemba 12, 1970, Siku ya Jamhuri: ilibeba Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza eksirei za angani.

Kisii na Nyamira, huko Gusii, ziko karibu zaidi na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi inayorushwa kuelekea mashariki msukumo mkubwa wa bure. Mbona basi Malindi? Scout ilikuwa na vipande vinne. Vya chini vikiisha fueli huachwa vianguke. Mashariki mwa Malindi ni bahari tupu. Mashariki mwa Nyansiongo, Nyamira, ni majani chai na maboma ya watu.

Scout ya mwisho kabisa iliruka Marekani mwaka 1994.