Barafu Inayopungua, Mikoko Inayosubiri Tope

Msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote Afrika Mashariki uko Kibiti, Tanzania. Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko, mikandaa, michu na mikomafi. Mnamo 1914 msitu huo uliificha manowari ya Kijerumani Königsberg, na Waingereza wakahangaika miezi kadhaa hadi walipoiangamiza tarehe 11 Julai 1915.

Barafu kubwa kuliko zote zilizobaki Afrika nayo iko Tanzania, Kilimanjaro, kwenye kilele cha Kibo chenye mita 5,895. Mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita za mraba 12. Leo haifiki hata moja. Mwaka 2002 watafiti walikadiria ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Bado ipo, ila imebaki vipande. Joto halikufanya kazi hiyo peke yake: hewa ya huko juu imekauka tangu mwishoni mwa karne ya 19, na theluji mpya haitoshi kufidia inayopotea.

Hakuna tone la barafu hiyo linalofika Kibiti. Maji ya Kilimanjaro hushukia Pangani na Tsavo. Rufiji, wenye bonde kubwa kuliko mito yote ya Tanzania, kama kilomita za mraba 177,000, hulishwa na mvua kupitia Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu.

Hata hivyo barafu inaifikia delta, kwa mlango wa bahari. Ya Kibo ni ndogo mno kuinua bahari, lakini ya Greenland na ya milima mingine duniani inaiinua, na maji yenyewe hutanuka yakipata joto. Mikoko inaweza kustahimili bahari inayopanda iwapo tope linarundikana kwa kasi ileile chini ya mizizi yake. Tope hilo huletwa na mafuriko, yaleyale yanayowatesa wakulima wa mpunga, kama yalivyofanya Aprili 2024.

Sasa juu ya mto kuna kinara mwingine: bwawa la Julius Nyerere, ukuta wa mita 131 na megawati 2,115, kituo kikubwa kuliko vyote vya umeme nchini. Umeme tunauhitaji kwelikweli. Lakini maji yakitulia bwawani, tope hutua humohumo, na linalofika chini hupungua huku chumvi ikipanda kutoka baharini. Ningependa kuona vigingi vya kupimia tope deltani, kwenye matawi ya Msala na Simba Uranga, visomwe kila mwaka, kama vile barafu ya Kibo inavyopimwa kwa vigingi, na wakazi wa Salale na Mbwera humohumo deltani wapewe vipimo hivyo kabla ya msimu wa kupanda mpunga.